Chembe za metali kwenye oili ya gari lililoongezwa nguvu: zisome kabla hujafungua injini

Oili imeshuka kwenye beseni, umeimulika kwa tochi, na inametameta. Kwa injini iliyo kama ilivyotoka kiwandani, wapo watakaokwambia ubadilishe oili uendelee na safari. Kwa injini iliyoongezwa nguvu ushauri huo ni wa hatari. Injini hiyo inafanya kazi nje ya mahesabu ya aliyeiunda: shinikizo la turbo limepandishwa, kikomo cha mizunguko kimesogezwa juu, matairi yanashika barabara kuliko sampu (bakuli la oili chini ya injini) ilivyopangiwa. Metali iliyoonekana kwenye oili imetoka mahali, na mara nyingi imetoka huko kwa sababu ya kitu ambacho mwenye gari mwenyewe amekibadilisha. Kwa hiyo usiwashe injini tena hadi ujue mambo matatu: ni metali gani, ukubwa wake ni upi, na ni nyingi kiasi gani.

Kosa linalofanyika sana ni mtu kushtuka, akamwaga oili yote na kutupa filta. Hapo ametupa ushahidi wote.

Kukusanya kilichomo

Oili iweke kwenye chombo safi, ifunike, iache itulie usiku kucha. Kesho yake imimine taratibu kwenye chombo kingine hadi ibaki kidogo chini, kisha hicho kidogo kimwage kwenye sahani nyeupe. Mulika kwa pembe, tochi ikiwa karibu imelala na sahani, kwa sababu mwanga wa kutoka juu moja kwa moja huficha vipande vyembamba.

Filta ina habari kuliko beseni, maana oili inayokwenda kwenye beringi (metali laini ambamo krenki, mhimili mkuu wa injini, huzunguka) hupitia humo kwanza. Usiikate kwa msumeno wa chuma. Utaijaza unga wa chuma wa kopo lake lenyewe, halafu utakaa unasoma ugonjwa ambao haupo. Tumia kikata filta chenye gurudumu, kile kinachozungushwa kama cha kukatia mabomba. Ukishafungua kopo, kata karatasi kwa kisu kikali kufuata kingo zake zote mbili, itoe ikiwa ukanda mrefu, ibane kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao hadi oili itoke, kisha itandaze. Oili huingia kutoka nje ya karatasi kwenda ndani, kwa hiyo uchafu utauona upande wa nje wa mikunjo. Ukiukuta upande wa ndani, ulio safi, valvu ya dharura ya filta imekuwa ikifunguka na beringi zimelishwa oili isiyochujwa. Hilo hutokea filta ikiziba, na hutokea pia injini ikikanyagwa kwa nguvu wakati oili bado ni baridi na nzito.

Baada ya kuitazama, katakata ukanda huo, utie kwenye chupa yenye mafuta ya taa, tikisa, kisha chuja kwa karatasi nyeupe. Chukua sumaku yenye nguvu, ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, ipitishe juu ya mabaki. Kinachonasa ni chuma. Kinachobaki ni alumini, shaba, risasi, bati au kaboni. Ukigeuza mfuko ndani nje, chembe zote zinaanguka kwenye karatasi nyingine bila kung'ang'ania sumaku.

Plagi ya sampu yenye sumaku ikiwa na ukungu wa kijivu unaopakika kati ya vidole kama risasi ya penseli, bila kukwaruza, hiyo ni hali ya kawaida. Ukihisi punje kwenye vidole, au ukiona sindano, magamba au vipande vilivyopinda, hiyo si kawaida kwa injini iliyokwisha kuzoea.

Kujua ni metali gani

Rangi husaidia, lakini haitoshi. Rangi ya shaba ni rahisi kuitambua. Shida iko kwenye zile za fedha zisizonasa sumaku: zinaweza kuwa alumini ya pistoni, alumini ya beringi, au tabaka laini la juu la beringi lenye risasi na bati. Kuna majaribio mawili ya mezani yanayotenganisha alumini na tabaka hilo laini.

La kwanza ni pasi ya kulehemu. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, risasi 327, alumini 660. Gusa gamba kwa ncha ya pasi iliyopata moto vizuri. Likiyeyuka na kung'ang'ania ncha, ni ngozi ya beringi. Likibaki kama lilivyo, endelea na jaribio la pili: tone la maji yenye kostiki soda. Alumini hutoa mapovu, shaba na chuma hazifanyi hivyo. Vaa glavu na miwani, fanyia nje, na usikaribishe moto, kwa kuwa mapovu hayo ni haidrojeni.

Sasa oanisha metali na sehemu. Chuma kinachonasa sumaku hutoka kwenye kamshafti na tapeti zake, mnyororo wa taimingi, gia za pampu ya oili, ringi, kuta za silinda za chuma, au shingo za krenki. Sindano ndefu nyembamba mara nyingi ni gia au mnyororo; unga mzito wa kijivu kwenye injini yenye tapeti bapa ni kamshafti inayolika. Alumini huja na sketi za pistoni, nyumba ya pampu, au hedi ambayo kamshafti inazunguka moja kwa moja kwenye alumini bila beringi. Bronzi hutoka kwenye bushi za juu za konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki) na beringi za turbo.

Beringi za konrodi na beringi kuu zinahitaji maelezo zaidi, maana ndizo zinazouawa na nguvu za ziada. Beringi ya tabaka tatu ina mgongo wa chuma, juu yake tabaka la shaba na risasi, kisha utando mwembamba sana wa nikeli, na juu kabisa ngozi laini ya risasi na bati yenye unene wa takribani maikroni 12 hadi 25. Ngozi hiyo kazi yake ni kumeza uchafu mdogo na kuvumilia mguso wa muda mfupi. Ukiona rangi ya shaba kwenye filta, ngozi imekwisha na krenki sasa inasaga tabaka la kati. Hapo hakuna mjadala: sampu ishuke. Beringi za tabaka mbili, zenye alumini na bati juu ya mgongo wa chuma, hazitakuonyesha shaba kamwe. Magamba yake ni ya fedha tangu mwanzo hadi mwisho, na watu wengi huyadhania kuwa pistoni. Kwa hiyo jua ni aina gani ya beringi imefungwa ndani kabla ya kutoa hukumu kwa rangi.

Maabara ya oili ina nafasi yake, lakini ina mpaka wake pia. Spektromita ya vipimo vya kawaida huona chembe ndogo tu, takribani chini ya maikroni 5 hadi 8. Jicho la mtu huanza kuona kwenye maikroni 40 hivi. Ndiyo maana beringi inaweza kuwa inabanduka magamba huku karatasi ya maabara ikisema hali ni njema. Filta iliyokatwa na ripoti ya maabara hutazama vitu viwili tofauti, na gari la namna hii linastahili vyote viwili. Sampuli ichukuliwe oili ikiwa na moto, katikati ya mmiminiko, si tone la kwanza wala la mwisho, kwenye chupa mpya. Ripoti moja haina uzito mkubwa. Tatu mfululizo zenye risasi, bati na shaba zikipanda pamoja zinaonyesha beringi inayokwenda.

Hofu zisizo na msingi

Injini mpya iliyofungwa hivi karibuni itakuwa na mmeto wa kijivu kwenye oili ya kwanza. Ringi na kuta za silinda zinazoeana, na grisi ya kufungia yenye molibdeni huipa oili rangi ya fedha ambayo si metali. Shaba ikipanda kwenye ripoti ya maabara bila risasi wala bati, na umefunga kula mpya ya oili (kipozeo cha oili), mara nyingi ni shaba ya kula inayoyeyuka kikemikali, nayo hupungua kila ukibadilisha oili. Silikoni iliyopanda baada ya kufunga injini huwa ni ya gundi ya gasketi. Ikipanda miezi mingi baadaye, kagua kifuniko cha filta ya hewa na mabomba ya kuingizia hewa, kuna vumbi linapenya. Mkunjo mmoja mrefu wa alumini ulioganda kwenye plagi huenda ni uzi wa tundu la sampu lililokazwa kupita kiasi.

Kwa nini injini iliyoongezwa nguvu hufanya hivi

Sababu ya kwanza kwa uzito, kwa maoni yangu, ni oili kukosekana kwenye mdomo wa pampu. Sampu ya kawaida ilichorwa kwa matairi ya kawaida. Ukifunga matairi laini ya mashindano, gari likapinda kwa nguvu inayokaribia g 1 au zaidi kwa sekunde kadhaa, oili hupanda ukuta mmoja na pampu inavuta hewa. Geji ya dashibodi haitakuonyesha, kwa sababu imetulizwa kwa makusudi isichezecheze. Funga kihisio cha kweli cha shinikizo, rekodi data, na uitazame kona kwa kona. Kanuni ya mafundi ni takribani psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 oili ikiwa na moto. Lakini psi 70 kwenye njia iliyonyooka hazina maana kama kwenye kona ndefu zinadondoka hadi 15. Dawa ni sampu yenye kuta za ndani na milango ya upande mmoja, au tangi la akiba la shinikizo, au sampu kavu (oili hukaa kwenye tangi la pembeni). Kuongeza nusu lita juu ya alama husaidia baadhi ya injini, ila krenki ikianza kuipiga oili inakuwa povu, na povu halibebi mzigo.

Ya pili ni noki, ule mlipuko usio wa wakati wake. Kila pigo hushuka kupitia pistoni na konrodi na kutua kwenye nusu ya juu ya beringi. Ukifungua ukakuta nusu za juu zimechoka na kupasukapasuka huku za chini bado nzuri, usimlaumu aliyefunga beringi. Rudi kwenye programu ya injini, oktani ya petroli na joto la hewa inayoingia. Kinyume chake, nusu za chini, zile za kwenye kofia inayofunga konrodi kwenye krenki, zikiwa zimeumia zaidi, angalia mizunguko. Mzigo wa pistoni inayorushwa juu na chini hukua kwa mraba wa mizunguko: kutoka 6,500 kwenda 7,500 ni ongezeko la takribani asilimia 33, na mzigo huo wa kuvuta pistoni irudi chini unabebwa na kofia na bolti zake.

Bolti zenyewe ni chanzo kinachosahaulika. Ukibadilisha bolti za konrodi kwa zenye nguvu zaidi, zinabana kwa nguvu tofauti na tundu kubwa la konrodi hupoteza uduara wake. Lazima lipimwe likiwa limekazwa, na lisawazishwe kwa mashine likizidi kipimo. Vivyo hivyo kwa stadi (bolti zisizo na kichwa) za beringi kuu: bloku ikikazwa kwa stadi mpya, mstari wa matundu ya krenki unaweza kupinda kidogo, nayo krenki itasugua beringi za katikati tangu siku ya kwanza.

Nafasi ya oili kati ya shingo na beringi ni jambo la hesabu. Kanuni ya zamani ni sehemu 1 ya 1,000 ya kipenyo, yaani shingo ya mm 50 ipewe mm 0.05. Injini ya nguvu nyingi hupewa zaidi kidogo, na oili nzito zaidi kuijaza nafasi hiyo. Anayefungua nafasi hadi mm 0.075 halafu akaendelea na oili nyepesi ya 0W-20 amejitengenezea chembe za metali. Kipimo kinachofaa kutazamwa kwenye karatasi ya oili ni HTHS, yaani uzito wa oili inaposagwa kwa kasi kwenye nyuzi 150, kwa mPa·s: daraja la 20 linatakiwa lisishuke chini ya 2.6, la 30 chini ya 2.9, 5W-40 chini ya 3.5, na la 50 chini ya 3.7. Programu inayomwaga petroli kwa wingi, au injekta zinazovuja, huishusha oili kutoka daraja lake bila wewe kugusa chupa. Ikinuka petroli kwenye kijiti, ibadilishe, kisha utafute inakotoka.

Klachi nzito ya mashindano husukuma krenki mbele kila unapokanyaga. Beringi inayozuia krenki isisogee mbele na nyuma ikiisha, chuma na shaba huonekana pamoja kwenye filta. Jaribio lake ni la dakika tano: weka geji ya saa kwenye puli, mtu mwingine akanyage klachi, soma. Magari mengi yanatakiwa kuwa kati ya mm 0.05 na 0.25, ikipita 0.30 usiendeshe. Kuwasha injini huku klachi imekanyagwa, wakati bado hakuna oili kwenye beringi hiyo, huongeza kuichosha.

Puli nyepesi ya alumini isiyo na mpira ni mabadiliko nisiyopendekeza kwa injini yoyote ambayo puli yake ya asili ina kazi ya kutuliza mtikisiko wa krenki. Pampu ya oili iliyofungwa kwenye pua ya krenki hupokea mtikisiko huo wote, na gia zake za unga wa chuma ulioshindiliwa hupasuka. Kwenye Nissan RB26DETT za awali sehemu ya krenki inayoendesha pampu ilikuwa fupi, na gia zilipasuka hata puli ikiwa ya asili, hasa kwa wanaogonga kikomo cha mizunguko mara kwa mara.

Kufungua, na kusafisha kwa kweli

Sampu ikishuka, angalia kwanza wavu wa mdomo wa pampu. Kamba za gundi ya gasketi zilizonasa pale zinaeleza mengi kuliko beringi yoyote. Kisha fungua kofia moja moja, uziweke alama ya namba na upande kabla ya kuzitoa. Bolti zinazokazwa kwa digrii hazirudiwi. Pitisha ukucha kwenye shingo ya krenki; mfereji unaonasa ukucha unahitaji mashine. Krenki ikichongwa, beringi za krenki iliyopunguzwa mm 0.25 au 0.50 zinapatikana kwa injini nyingi, lakini krenki iliyogumishwa kwa nitrojeni lazima igumishwe tena, maana tabaka gumu ni jembamba na mashine inaweza kuliondoa.

Injini nyingi zilizofungwa upya hufa mara ya pili kwa chembe zilezile za mara ya kwanza. Kula ya oili tupa. Haisafishiki; mabomba yake membamba yana mapezi ya ndani yanayoshika chembe, na oili ya moto huzitoa siku utakapoongeza kasi. Mabomba ya mpira yaliyofumwa, yabadilishe pia. Ng'oa plagi zote za mifereji ya bloku na za krenki, pitisha brashi ndefu kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, puliza hewa, kisha paka oili papo hapo kabla ya kutu. Fungua valvu ya kupunguza shinikizo kwenye pampu, kwa sababu punje moja ikiishikilia wazi utafunga injini isiyo na shinikizo. Usisahau vijibomba vinavyonyunyizia pistoni, tapeti za haidroliki, kikaza mnyororo, wavu mdogo wa solenoidi za kamshafti, na bolti yenye tundu ya bomba la turbo. Dawa za kuosha injini zinazomiminwa kwenye oili hazifanyi lolote kati ya haya, nazo huilegeza oili wakati beringi zinaihitaji zaidi.

Kabla ya kuwasha, toa plagi za cheche, kata petroli, zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi hadi shinikizo lisimame kwenye geji. Washa, iache ifanye kazi dakika 20 hadi 30, mwaga, kata filta. Ukungu wa kijivu unakubalika. Badilisha tena kwenye km 500, kata tena. Safari hii karatasi iwe karibu safi. Kwenye km 1,500 chukua sampuli ya maabara iwe msingi wa kulinganishia ripoti zijazo. Rangi ya shaba ikirudi kwenye filta ya pili, usingojee ya tatu: shusha sampu ukiwa bado na krenki inayoweza kuokolewa kwa kung'arishwa tu, uanze kupima na kofia iliyo mbali zaidi na pampu.